Kofia ya Tairi la Nyuma

Spana alikuwa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.

Alikifuta kwa nje, akaingia akakifuta kwa ndani, akatoka akaanza tena nje. Baba yake, aliyekaa kwenye benchi la gereji na kikombe cha chai mkononi, alimtazama. Gari la Mwalimu lilikuwa katikati ya gereji, limenyooshwa na kupigwa rangi upya upande wa nyuma, linang'aa kuliko siku lilipokuwa zima. Alasiri ile mnunuzi angekuja kulichukua. Mwalimu naye angekuja kukabidhi ufunguo kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa bado umefungwa bendeji na kuning'inia shingoni.

"Utakitoboa hicho kioo," Baba alisema.

"Kina alama."

"Alama iko machoni mwako. Umelia tena."

"Ni sabuni, Baba."

"Sabuni gani hiyo inayokuliza hata ukiwa umelala?"

Spana alisuuza kitambaa akaendelea kufuta. Jina lake la kweli lilibaki shuleni. Hapa gerejini kila mtu alimwita Spana tangu alipokuwa mdogo wa kutambaa chini ya magari, na sasa alikuwa ndiye fundi wa matairi, binti mwenye grisi kwenye kucha na macho ambayo yamewafanya madereva kadhaa walete magari yasiyo na ugonjwa wowote. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Alikuja kusema tairi linavuma, na tairi halikuwa linavuma. Akarudi kesho yake kusema breki zinalia. Alipokuja tena hakutaja gari kabisa, aliomba maji ya kunywa, akakaa mpaka gereji ikafungwa.

Alikuwa anafundisha hesabu watoto wadogo. Siku za kazi gari lake lilibeba madaftari na watoto wa majirani. Siku ya mashindano lilibeba roho yake.

Mashindano yenyewe yana sheria moja ambayo ndiyo raha yake: gari lazima lije kwa magurudumu yake. Ukilileta juu ya lori, unarudi nalo nyumbani. Liwe na namba, honi, taa, kiti cha abiria, kila kitu ambacho askari wa barabarani angetaka kukiona. Jana lilikupeleka kazini, leo likimbie. Na wote hukimbizana na saa ileile, mwalimu wa shule na dereva anayelipwa mshahara kwa kukanyaga mafuta. Ndiyo maana Bingwa, ambaye kazi yake ni hiyo tu na magari yake yote hutengenezwa na baba yake Spana, alikuwa amesema mbele za watu, "Huyu Mwalimu akinikaribia mara hii, namchukua awe dereva wangu wa pili." Mwalimu hakumkaribia. Alikuwa anampita kwa sekunde kadhaa, mpaka kwenye kona ya mwisho, pale gari lilipozunguka likapiga ukuta wa matairi.

"Mkono wa dereva wa ridhaa huo, asiyelipwa," Bingwa alisema baadaye, bila ubaya. "Ukifika kona ya mwisho unakumbuka nyumbani." Watu wakacheka, na Mwalimu, akiwa amelala kwenye machela, akacheka nao.

Spana peke yake hakucheka. Jioni ile alipotia mkono mfukoni alikuta kofia tatu.

Kofia ni jina lake yeye la vile vifuniko vidogo vinavyokaa kwenye valvu ya tairi. Barabarani gari linataka tairi gumu. Uwanjani tairi hupata moto na kuvimba, kwa hiyo kabla ya mbio lazima lipunguzwe upepo. Spana alifungua kofia, akaitia mfuko wa kulia wa ovaroli, akatoa upepo, akapima kwa geji, akaenda tairi linalofuata. Kofia zilikaa mfukoni mpaka gari lirudi apime tena. Siku zote zilikuwa nne.

Siku ile alikuwa amebakiza tairi la nyuma kushoto. Mwalimu akaja akachuchumaa karibu yake, helmeti kwapani.

"Spana."

"Usinisemeshe, nahesabu."

"Nikirudi, nakwenda kumwona mzee wako."

"Kuhusu gari?"

"Kuhusu wewe."

Spana alisimama, uso unawaka. Alisikia filimbi ikiita magari. Alimwona Mwalimu anaingia, anavaa helmeti, anamtazama kwa macho ambayo helmeti haikuweza kuyaficha. Spana akapiga paa la gari kwa kiganja, pa, kama alivyofanya siku zote kumwambia nenda, kila kitu tayari. Mwalimu akaenda.

Sasa, gerejini, Spana alikunja kile kitambaa, akapiga moyo konde.

"Baba, kuna jambo. Siku ile nadhani kuna tairi moja sikulitoa upepo."

"Unadhani?"

"Mfukoni nilikuta kofia tatu. Nikaenda kutazama gurudumu lililovunjika, ya nne haikuwepo. Labda niliifungua ikaanguka. Labda nilitoa upepo nikasahau tu kuiokota. Lakini kama..."

Labda hiyo ndiyo aliyokuwa akiishi nayo. Aliishika kila usiku kabla ya kulala, akaishika tena asubuhi.

Baba aliweka kikombe chini. Akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, ule wa kalamu, akatoa kitu kidogo cheusi na kukiweka juu ya benchi.

"Haikuanguka," alisema. "Ilikuwa imekazwa vizuri kabisa. Niliitoa mwenyewe gari lilipovutwa kurudi, kabla wakaguzi wa mashindano hawajainama."

Spana aliitazama ile kofia. Ilikuwa bado na vumbi jekundu la uwanjani.

"Halafu ukawaambia ni mkono wake."

"Niliwaambia gari lilikuwa zima kabla ya kona."

"Baba!"

"Nipigie kelele, haki yako. Ila kwanza nijibu. Nani ataleta gari hapa akisikia binti yangu hajui gari lina matairi mangapi? Bingwa? Yule anaweka roho yake mikononi mwako."

"Na Mwalimu aliweka nini?"

Baba aliinamia kikombe. Sauti yake ilishuka.

"Mkono wa kijana utapona. Jina la fundi halifungwi bendeji."

"Nimemwuguza, Baba. Nimemfunga vifungo vya shati. Kila siku ananiambia, 'Spana, mimi si dereva, nilikuwa najidanganya,' na mimi namjibu pole. Pole! Hilo ndilo neno nililompa."

"Basi na leo mpe hilohilo, gari liondoke, yaishe." Alisugua magoti kwa viganja. "Usifikiri nilifanya kwa ajili ya gereji. Gereji naitaja kwa sababu ni rahisi kuitaja."

Spana alimwelewa, na kumwelewa kulimwuma zaidi. Angeweza kumkasirikia mzee mwongo. Mzee aliyedanganya kwa sababu yake angemfanyaje? Teksi ilisimama nje.

Mama yake Mwalimu ndiye aliyetangulia kushuka, mkoba kifuani, akaingia gerejini kwa hatua za mtu aliyejipanga cha kusema.

"Yuko wapi mkwe wangu?"

Spana aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba kulikuwa na binti mwingine.

"Wewe, wewe! Usinitazamie ukuta." Mama alimshika mikono yote miwili, grisi na yote. "Mwanangu, nilikusema vibaya. Nilisema mtoto wangu hawezi kuoa gereji. Na ulinisikia, usijitie hamnazo, maana nilisema kwa nguvu ili usikie."

"Nilisikia, Mama."

"Basi nimefuta. Kila akiingia ndani ya hili dude, mimi nilikuwa nakaa na simu kifuani nasubiri kuambiwa mabaya. Leo anaachana nalo. Likitoka hapa, kesho watu wetu wanakuja kuzungumza na mzee wako. Nimeshawaambia. Baba Spana, usisafiri kesho."

"Nipo, Mama Mwalimu," Baba alisema, macho sakafuni.

"Kona ile imenirudishia mwanangu. Na kunipa binti juu yake."

Spana alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama maneno hayo. Alikuwa ameyalilia, ameyaota, amegombana na Mwalimu kwa sababu yake. Na sasa yamekuja, mwanamke huyu anamkumbatia, na angetakiwa afanye kitu kimoja tu ili yawe yake: anyamaze.

Mwalimu aliingia nyuma ya mama yake akiwa na mnunuzi, bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua mpaka ndani ya gereji. Mnunuzi alizunguka gari, akapiga teke dogo tairi la mbele kama wafanyavyo watu wasiojua magari.

"Linakula mafuta?"

"Linakula," Mwalimu alisema. "Lakini linashukuru."

Alisema kwa utani, ila kiganja chake kizima kilikuwa juu ya paa, kinalipapasa taratibu. Akainua macho, yakakutana na ya Spana. Alikuwa amekonda. Yale macho yaliyowaka ndani ya helmeti sasa yalikuwa na upole wa mtu aliyekwisha kubali, na Spana hakuwahi kuuchukia upole wa mtu kiasi kile.

"Umeling'arisha hivi kwa nini?" Mwalimu alimwuliza. "Unataka nilie mbele ya mteja?"

"Nilikuwa... nilikuwa nafuta tu."

"Watoto wameniuliza jana, 'Mwalimu, gari la mashindano liko wapi?' Nikawaambia Mwalimu alikosea hesabu." Akacheka kidogo. "Wakanipigia makofi. Wamefurahi sana kusikia na mimi hukosea."

"Hukukosea."

Lilimtoka. Hakuwa amejiandaa. Mama aliacha kufunga mkoba.

"Unasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Hukukosea hesabu. Mimi ndiye niliyekosea."

Spana aliingiza mkono mfuko wa kulia. Zilikuwa zimo tangu siku ile. Hakuthubutu kuzitoa wala kuzitupa. Akaziweka juu ya boneti, moja, ya pili, ya tatu.

"Hizi ndizo nilizokuwa nazo ulipoondoka. Nilipunguza upepo matairi matatu tu. La nyuma kushoto ulikwenda nalo likiwa gumu, kama lilivyotoka barabarani. Nilisimama uliponiambia yale maneno, nikasahau kurudi chini. Nikapiga paa. Nikakwambia nenda."

Mnunuzi alivua miwani.

Kisha Baba alinyanyuka kwenye benchi. Aliinuka polepole, akaja mpaka kwenye gari, akaweka ile kofia yenye vumbi kando ya zile tatu.

"Na hii ilikuwa kwangu," alisema. "Niliitoa kwenye gurudumu nikaificha, kisha nikawaambia watu ni mkono wako. Binti yangu hakujua mpaka leo."

Mzee alikuwa anampa pa kujificha kwa mara nyingine. Spana alitikisa kichwa.

"Nilijua, Baba. Kofia sikuwa nayo, lakini nilijua."

Mwalimu hakuwatazama wote wawili. Alikuwa anatazama tairi.

"Nyuma kushoto," alisema.

"Ndiyo."

"Kona ya kulia. Uzito wote unalala pale." Mkono wake mzima uliinuka hewani, ukashika usukani usiokuwepo, ukageuza. "Lilianza kuondoka nyuma, nikalifuata. Sikukanyaga breki. Nililifuata sawasawa, likakataa. Nilifanya sawa."

"Ulifanya sawa."

"Nilifanya sawa!"

Na Spana akaona furaha inampanda Mwalimu usoni, furaha tupu, ya mtoto aliyerudishiwa kitu alichoambiwa kimepotea. Ilidumu kitambo kidogo. Halafu akamgeukia, na ile furaha ikapoa palepale.

"Ulijua lini?"

"Jioni ileile."

"Kabla hujaja hospitali?"

"Kabla."

"Kwa hiyo ulikuja, ukanishika mkono, ukaniambia pole, na unajua."

"Ndiyo."

"Bingwa aliponipigia kwamba bado ananitaka niwe dereva wake wa pili, nikamwambia atafute mtu mwingine kwa sababu mimi sifai, wewe ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda. Unamenya chungwa."

"Ndiyo."

"Ukanipa kipande."

Spana angesema nini? Kwamba hakulala usiku ule? Kwamba alikimbilia bafuni akalia bomba likiwa wazi? Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemsaidia mtu zaidi ya yeye mwenyewe.

"Lile la tairi ningelicheka," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ile ya kumweleza mtoto jambo gumu bila kumtisha. "Naapa ningelicheka. Mimi ndiye niliyekusemesha ukihesabu. Lakini mimi naamka usiku nairudia ile kona. Nageuza hivi, nageuza vile, natafuta nilipokosea. Nimejidharau, Spana. Na jibu lilikuwa mfukoni mwako."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utanitazama kama unavyonitazama sasa."

Mama aliushika mkoba wake vizuri. "Twende, mwanangu. Na yale ya kesho hayapo." Akamgeukia Baba. "Na wewe! Mzee mzima!"

"Nimekosa, Mama," Baba alisema, na kwa jinsi alivyosema, Mama hakupata la kuongeza.

Mnunuzi alikohoa. "Sasa, samahani, kuhusu gari..."

"Linauzwa!" Mama alisema.

"Haliuzwi," Mwalimu alisema.

"Mwanangu!"

"Haliuzwi, Mama. Samahani, bwana, nimekupotezea muda." Akamwondolea mama yake macho, akanyoosha mkono, akautundika ufunguo kwenye msumari ukutani, mahali pake pa siku zote. "Mzee, litabaki hapa mpaka mkono upone. Bingwa nitampigia mwenyewe."

"Utamweleza nilichofanya?" Spana aliuliza.

"Nitamweleza kwamba nilikuwa sawa. Cha kwako utasema wewe."

"Nitasema."

Mwalimu alikwenda kusimama mbele ya boneti, mgongo amewapa wote. Spana alisogea hatua moja, akaogopa ya pili.

"Siku utakayokuja kulichukua," alisema, "utakuwa umefuata gari tu?"

Mwalimu aligeuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Usinisemeshe, Spana," alisema. "Nahesabu."

Akatoka. Mama akamfuata akiendelea kugombana na hewa, na mnunuzi akawafuata wote wawili akiulizia teksi.

Spana hakungoja ujasiri umpoe. Alichukua simu, akampigia Bingwa, akamwambia yote akiwa amesimama, bila kutia neno la kujitetea. Bingwa akasema kwamba gari lake la mbio za kesho, lililokuwa pale gerejini, asiliguse, atatuma mtu kulichukua, na mengine atayafikiria. Spana akasema sawa. Baba alisikia kila kitu, akaenda kulifunua gari la Bingwa turubai, akaanza kulitayarisha kwa safari bila kulalamika. Ilikuwa kazi ya mwisho aliyoweza kumfanyia binti yake siku ile.

Spana alirudi kwenye gari la Mwalimu. Yalikuwa yamebaki matairi tu, kuyarudishia kofia zake, basi. Aliokota kofia kwenye boneti, akachuchumaa mbele kulia, akakaza. Mbele kushoto, akakaza. Nyuma kulia, akakaza. Alipofika nyuma kushoto, kiganja kilikuwa kitupu.

Alitazama juu ya boneti. Akatazama chini ya gari. Baba naye akaja, akapiga magoti kwa shida, akamulika tochi huku na huku.

"Zilikuwa nne," Baba alisema. "Niliiweka mwenyewe, ile ya vumbi."

"Ndiyo."

"Sasa imekwenda wapi?"

Spana alikuwa anatazama mlango. Alimkumbuka Mwalimu amesimama pale mbele ya boneti, mgongo amewapa, mkono mzima hauonekani. Gari hutembea hata bila kofia, fundi yeyote analijua hilo. Mwalimu pia alilijua alipoichukua. Ni Spana aliyemfundisha.

Baba alijikongoja mpaka kwenye droo ya akiba, akaifungua, akapekua, akatoa kofia mpya.

"Weka hii."

"Hapana, Baba." Alikuwa bado amechuchumaa, kidole gumba juu ya valvu iliyo wazi. "Liache hivyohivyo."